Koki ya Kuingilia Maji

Jumanne

Eti mimi sijui hesabu! Mjukuu wangu Yustina, msomi wa chuo kikuu, siku tatu anajaza makaratasi: kwa nini maji yakichemka ndani ya bomba, mtiririko unayumba. Ijumaa atajieleza mbele ya walimu wake, na jibu hana.

Nikamwambia, “Tulipokuwa tunafua mashuka kule misheni, bomba la maji ya moto lilikuwa linatapika; tukabana koki ya kuingilia maji, likaacha.”

“Bibi, hii siyo kufua mashuka.”

“Mashuka hayo ndiyo yaliyokusomesha, we mtoto!”

Leo kaniita kwa upole. Ameitia koki kwenye hesabu, mtiririko umetulia.

“Bibi, mlibana kiasi gani?”

Nikamwonyesha kwa mkono. Namba yake siijui. Ijumaa wakimuuliza namba hiyo kule chuoni, mkono wangu utakuwa huku nyumbani Mkumbi.