Dirisha la Nane

Ibighi, Tukuyu.
16 Julai 1995.

Kwako shemeji Hezron,

Ugonile, shemeji. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Shinyanga, wewe na mkeo na watoto, na kwamba vumbi la huko halijakurudishia kile kikohozi chako. Sisi huku tunapumua. Mpwa wako Tulia hajambo, ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki mtu amcheke. Mama yako hapo Kyimo anasumbuliwa na magoti kwa baridi ya mwezi huu, lakini bado anaingia mwenyewe kwenye migomba yake na hataki kusaidiwa. Amesema nikuandikie kwamba yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata. Umesema simu ya upepo ilikufikia siku ya nne, tulipokuwa tumeshazika, na kwamba wote waliokuandikia baadaye wamekwambia jambo moja tu, kuwa ni upepo na ni mpango wa Mungu. Ukaniomba nikueleze mdogo wako alikufaje, nisikufiche, kwa sababu mimi ndiye mumewe. Nimekaa na barua hiyo wiki tano. Stempu ninazo, shemeji. Nilichokosa ni moyo.

Naanza mbali kidogo ili unielewe. Unajua kwamba mwaka tisini na tatu kiwanda cha chai kilitupunguza kazini. Tuliitwa uwanjani asubuhi, majina yakasomwa, na mimi niliyekuwa nimekaa karakana miaka kumi na minne nikichonga vipuri ambavyo havikupatikana popote nchini, nikarudi nyumbani na sanduku langu la spana. Soko lilikuwa limefunguliwa. Kipuri nilichokuwa nikikitolea jasho siku tatu, sasa kilikuwa kinaning'inia dukani Mbeya ndani ya mfuko wa nailoni. Nikafungua kibanda hapa Ibighi, nikawa naziba masufuria na kuchomelea baiskeli. Watu waliokuwa wakiniita Bwana Fundi wakaanza kuniita Ambindwile tu. Mdogo wako Anosisye hakunisema hata siku moja. Alikuwa akikaa wiki tatu Matema kwenye ukunga wake na wiki moja nyumbani, na kila akirudi aliuliza kwanza nimetengeneza nini, hata kama ni sufuria, na akataka kuiona.

Mwezi wa kwanza mwaka huu mashua ya kanisa ilianza kuwashinda. Ni mashua ya tanga, yenye chumba kidogo katikati, inayompeleka mkunga na dawa kwenye vile vijiji vya kando ya Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone, visivyo na barabara. Ilikuwa haivuji chini, ilivuja madirishani. Ina madirisha manane ya duara, manne kila ubavu, kila moja limeshikwa na pete ya shaba. Maji yalikuwa yakipita pembeni mwa pete na kumwagikia kitanda wanacholalia wagonjwa. Na nje, chini ya kila dirisha, palikuwa na doa refu la kutu lililochanganyika na ukijani wa shaba, mfano wa uso wa mtu aliyelia bila kujifuta. Walishapaka rangi nyeupe mara tatu na doa likarudi mara tatu. Anosisye akamwambia mchungaji kwamba mume wake anaweza kazi hiyo. Basi mashua ikapandishwa juu ya lori la mbao, ikaletwa mpaka mlangoni kwangu, kwa kuwa vyombo vyangu na umeme viko huku.

Ungekuwepo ungecheka, shemeji. Ibighi nzima ilitoka. Mzee mmoja alisema Nuhu amerudi na safari hii amewahi. Mvua ya kwanza ilipopiga, mashua ikavuja palepale juu ya magogo, na watu wakapata neno la kusema gengeni: mashua inazama mlimani. Lakini mvua yetu ndiyo iliyonisaidia. Kila mchana ilipoanza kunyesha niliingia ndani, nikakaa nikiangalia kila tone linaingilia wapi. Nikagundua kwamba katika ile miaka ya shida, bolti za shaba zilipokuwa hazipatikani, mtu alifunga pete kwa bolti za chuma. Chuma na shaba vikikaa pamoja kwenye maji havipatani, na chuma ndicho kinacholiwa. Nilimwita Anosisye nikamwonyesha. Nikamwambia, "Unachokiona hapa si uchafu. Ni bolti yenyewe inatoka kidogo kidogo." Akalitazama lile doa, akasema, "Kumbe ni kama damu. Usiifute kabla hujajua inatoka wapi." Ndivyo alivyokuwa, kila jambo alilipeleka wodini kwake.

Nilifungua dirisha moja baada ya jingine. Nilikwangua puti ya zamani, nikakata mpira wa tyubu ya lori kuwa gasketi, nikatafuta bolti za shaba Mbeya, nikazifunga. Madoa tuliyatoa kwa ndimu na chumvi, kisha msasa. Anosisye alipokuwa nyumbani alikaa upande mmoja na Tulia upande mwingine, wakisugua na kuimba nyimbo za kwaya, na mikono yao yote ikanuka ndimu. Nakwambia kweli, tangu kazi iishe kiwandani sikuwahi kuwa na miezi miwili kama ile. Watu wakaanza tena kuniita Bwana Fundi.

Mashua iliondoka Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa tatu. Jumapili yake mchungaji alinisimamisha kanisani na watu wakanipigia makofi. Anosisye alikuwa amefika Jumamosi kutoka Matema, na usharika wote ulipokwisha kuitazama mashua, yeye aliingia ndani peke yake akapapasa kila dirisha kwa kiganja. Alipotoka aliniuliza kama bolti zote za zamani nimezitoa. Nikamjibu nimezitoa zote.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Haya ninayokuandikia nimeyapata kwa Meshaki, nahodha wa mashua, ambaye yu hai. Ilikuwa tarehe ishirini na tano Mei, saa tisa alasiri. Walikuwa wametoka kijiji cha mbali wakiwa na mama mmoja aliyeshikwa na uchungu tangu jana yake, mtoto amekaa vibaya, wanamkimbiza hospitali. Ndani alikuwa mgonjwa na Anosisye, nje Meshaki na mume wa yule mama. Mwera ulianza kuvuma kabla hawajafika nusu ya njia. Meshaki alitaka kugeuza, wajifiche kwenye ghuba mpaka upepo utulie. Anasema mawimbi yalikuwa yakipiga madirishani na yule mume alikuwa analia akisema kioo kitavunjika. Anosisye akatoa kichwa mlangoni akawaambia, "Tukirudi huyu mama anakufa. Msiogope madirisha, ameyatengeneza mume wangu." Wakaendelea.

Haikupita nusu saa dirisha moja la ubavu wa kushoto, lile la nyuma kabisa, lilisukumwa ndani lote pamoja na pete yake. Maji yakaingia kama yanamiminwa kwa pipa. Mashua ikalalia ubavu huohuo, tundu likawa chini ya maji. Anosisye alimsukuma yule mama mlangoni, Meshaki akamshika mikono akamtoa. Alipoinama tena kumshika mdogo wako, mashua ilipinduka. Watatu waliishikilia mpaka mitumbwi ya Matema ikawafikia. Anosisye tulimkuta ndani siku ya pili, mashua ilipovutwa ufukoni kwa kamba.

Yule mama alijifungua salama usiku uleule. Mumewe alitembea hadi Kyimo siku ya matanga na fungu la samaki wakavu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru akisema ndaga fijo, mkeo amenirudishia watu wawili. Na Meshaki alisimama mbele ya waombolezaji akayasimulia yote, pamoja na lile neno la Anosisye kuhusu mume wake. Watu waliangua kilio. Akina mama walinitazama kwa huruma. Mama yako alinikumbatia, mbele za watu, yeye ambaye unajua asivyo mtu wa kukumbatia.

Hezron, mimi sikusema kitu.

Madirisha saba niliyafanya kama ulivyosoma. La nane ni lile la kushoto, nyuma. Nililiacha mwisho kwa kuwa lilikuwa na doa kubwa kuliko yote. Nililifungua siku ya Jumatano, siku tano kabla ya lori kuja, Anosisye akiwa Matema. Bolti ya kwanza ilinivunjikia mkononi. Nilipochomeka bisibisi kwenye ubao, iliingia mpaka kwenye mpini, ubao umelainika kama kiazi kilichochemshwa. Kutu ilikuwa imeula ubao wote kuzunguka tundu. Dawa yake naijua, hata mwanagenzi anaijua: ukate ubao wote mbovu, uchonge wa mvule, uunge upya. Ni kazi ya wiki tatu. Lakini lori lilikuwa limepangwa, mchungaji alikuwa ameshatangaza, na mimi nilikuwa nimeonja tena kuitwa Bwana Fundi. Niliona aibu kusimama na kusema bado. Niliwaza kwamba watasema ndiyo maana kiwanda kilimwachisha kazi.

Nikaenda dukani nikanunua mirija miwili ya silikoni, ile dawa nyeupe ya kuzibia inayotoka nje, siku hizi imejaa kila duka. Nikajaza tundu lote. Vipande vya bolti za zamani nikaviacha humohumo ndani ya ubao. Nikarudisha pete, nikaweka vichwa vya bolti za shaba juu, vifupi, visivyoshika chochote, ili vionekane. Nikapaka rangi. Nilipomwagia ndoo kumi za maji halikuvuja hata tone, na katika hayo madirisha saba ya haki, mawili yalikuwa bado yanadondosha kidogo. Lilikuwa ndilo zuri kuliko yote.

Hata hapo ningeweza kumwokoa. Mwishoni mwa mwezi wa nne alipokuja nyumbani aliniambia doa limerudi chini ya lile dirisha moja. Akaniuliza linatoka wapi, maana nilimfundisha mimi mwenyewe. Nilikuwa nanoa panga kwa tupa. Sikuinua uso. Nikamwambia ni kutu ya zamani iliyobaki kwenye rangi, alifute tu kwa ndimu. Na alifuta, shemeji. Meshaki ameniambia kwamba kila wiki alikuwa akifunga kitambaa kichwani, anachukua ndimu na chumvi, anasugua doa lile mpaka ubavu unang'aa, kwa sababu mume wake amesema.

Na liko jambo la mwisho. Siku mashua ilipovutwa ufukoni, watu walikuwa wamemzunguka Anosisye wanamfunika kanga. Mimi nilikwenda kwanza kwenye dirisha. Sikwenda kwa mke wangu kwanza, nilikwenda dirishani. Silikoni ilikuwa inaning'inia kwenye ukingo wa tundu, utepe mrefu mweupe. Niliivuta yote nikaitia mfukoni, nikang'oa na ubao uliooza kwa vidole, nikautupa majini. Kisha ndipo nikaenda kumfumba macho. Kwa hiyo wazee wa kanisa walipokuja kukagua wakaona tundu safi, wakasema wimbi lilikuwa kubwa kupita kazi ya binadamu.

Sikuombi msamaha, kwa maana sijui ningeuomba kwa maneno gani. Nimekuandikia kwa kuwa uliuliza, na kwa kuwa mama yako kila Jumamosi ananiletea mkungu wa ndizi kutoka Kyimo na magoti yake yale, anasema mkwe wangu amekonda. Ananipikia mwenyewe, anakaa mbele yangu mpaka nimalize. Siwezi kula tena chakula hicho.

Kesho ni Jumatatu. Nitakwenda Kyimo nimwambie yeye kwanza, halafu mchungaji, halafu Meshaki, ambaye hajashika usukani tangu siku ile akidhani kosa ni lake kwa kutogeuza. Huyo hasa namwonea uchungu. Wakitaka kunipeleka kwa serikali nitakwenda. Tulia nitamwacha kwa bibi yake, na ukisema wewe ndiye utakayemlea, sitakuwa na neno la kukupinga. Ila nakuomba asiambiwe na mtu mwingine. Nitamwambia mimi atakapokuwa na akili ya kunichukia sawasawa.

Mara mbili wiki hii nimetoka kwenda Kyimo nikaishia njiani, nikageuka. Ndiyo maana barua hii naikabidhi leo hii kwa dereva wa basi la Mbeya kabla sijaenda, akaitie posta ya huko. Ikishaondoka wewe utakuwa unajua, na mimi sitakuwa tena na pa kugeukia.

Msalimie mkeo. Wasalimie watoto, waambie ndama bado hajapewa jina, bibi yao anawasubiri wao. Mungu awalinde huko mliko.

Ni mimi, mume wa mdogo wako,

Ambindwile