Shira Haipimwi Ikichemka

Kwako baba, fundi wa sukari nguru,

Ulikuwa ukilisemesha karai lako kuliko ulivyotusemesha sisi watoto, kwa hiyo usinicheke nikikuandikia barua na najua fika huko kaburini huwezi kuisoma. Nina habari, na nimeona nikuambie wewe.

Wiki iliyopita nilipewa sufuria peke yangu. Nilikuambia kwa simu kwamba hapa Dubai nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha shira ya tende. Sikukuambia kwamba nilikuwa nafagia tu na kuosha mitungi. Mwaka mzima, baba. Kisha Madam, mwenye kiwanda, akasema atanijaribu jikoni: sufuria moja tu, nikiiharibu narudi kwenye ufagio, khalas. Na tende zenyewe alikuwa amezichagua kwa mkono wake kule sokoni Al Ras.

Huku hawaonji. Wana kipimo, kibomba kifupi chenye kioo kwenye ncha. Unadondosha tone, unafunika, unachungulia kwenye mwanga, na namba inakuambia sukari imefika wapi. Kijitabu chake kina picha ya mti wa Kanada ambao watu huutoboa, wakakinga utomvu wake, wakaupima hivyo hivyo, kisha wakauchemsha uwe shira. Kumbe utomvu wenyewe ni kama maji, utamu wake wa kutafuta. Wanachemsha ndoo kwa ndoo kupata chupa moja. Ungecheka, halafu ungetaka kujua kuni wanatoa wapi.

Nilipokishika kipimo kile niliona aibu. Nilipoingia kidato cha kwanza ndipo ulipoanza kuniita kila nikitoka shule. "Kukhu," ulisema, yaani bibi, kwa kuwa nimebeba jina la mama yako, "njoo uonje." Ulichota shira ya miwa kwa mwiko, ukadondosha kwenye kipande cha jani la mgomba. Nikitaka kulamba upesi niende zangu, ulinishika mkono. "Moto ni mwongo. Wacha ipoe ndiyo iseme ukweli." Nami nilinuna, maana sare yangu ilinuka moshi na wenzangu walinicheka. Siku moja nikakuambia mbele ya wateja kwamba watu wa siku hizi hupima kwa mashine, si kwa ulimi. Uliendelea tu kukoroga.

Basi shira yangu ikawa inatokota, na Musa, msimamizi wetu kutoka Uganda, amenisimamia mgongoni. Nikadondosha tone kwenye kioo, nikachungulia. Namba iko chini.

"Bado, dada. Ongeza moto, yalla."

Nikapima tena, chini vilevile. Lakini pua yangu ilikataa. Ilikuwa ile harufu ya shira iliyo ukingoni mwa kuungua, ambayo ukiipuuza kidogo tu unabaki kukwangua masizi. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye swichi. Badala ya kuongeza, nikapunguza, nikadondosha tone kwenye kisahani, nikalisubiri.

"Unasubiri nini wewe? Madam atatufukuza sote."

"Ngoja ipoe, kaka."

Nililamba kwanza, Mungu anisamehe, kisha nikaweka lililobaki kwenye kioo. Namba ilikuwa imefika. Siku zote walikuwa wanapima shira ikichemka, na moto ulikuwa unakidanganya hata kipimo. Nikazima. Musa akachungulia mwenyewe, akasema, "Ndiyo maana zile zangu zilikuwa zinatoka chungu." Nilimheshimu kwa hilo.

Kesho yake Madam akaonja, akaniuliza nilisomea wapi. Nikamwambia, kwa baba yangu. Akasema ufagio utafutiwe mtu mwingine.

Niliporudi Al Baraha, mtaa ninaokaa, nikampigia mama. Alicheka, halafu akaniambia jambo ulilokuwa umemkataza kulisema. Kwamba tangu ile homa iliyokulaza kabla sijaingia sekondari, ulimi wako ulikuwa umekufa. Chumvi, chai, sukari, vyote kwako vilikuwa maji. Kwamba miaka yote niliyokuwa nikinuna hapo jikoni, hukuwa ukinifundisha kazi. Ulikuwa unaniuliza mimi, baba, kwa sababu wewe hukuweza kujua.

Na mimi nikakuambia habari za mashine mbele ya watu.

Nilisema "tayari" nikiwa na haraka zangu, nawe ukatoa kuni papo hapo. Hukuniuliza mara mbili hata siku moja. Chakula chetu chote kilikuwa kwenye karai lile, na ulinikabidhi nikiwa msichana mwenye kiburi asiyejua amekabidhiwa nini. Asante. Nilipaswa kulisema tulipokuwa pamoja, moshi ukitutoa machozi sote wawili. Nalisema leo nimekaa kwenye ngazi za jengo letu, na hapa hakuna moshi wa kusingizia.

Binti yako,
Kukhu