Vijiti Viwili, Mate ya Mtu Mmoja

Chome,
Same.
12 Agosti, 2003

Mwanangu mpenzi Lugano,

Pokea salamu za huku milimani. U mzima huko Uswidi? Kifua kimepona? Sisi tunaamka, ila goti langu halipatani na kipupwe. Tangawizi wachuuzi wanainunua kwa bei ya kutupa. Kahawa usiulize, baba yako ameing'oa yote.

Sasa nisikilize, maana nimechoka.

Ulipoandika kwamba kuna kipimo cha DNA kinachoweza kusema kama watu wenye jina moja wana babu mmoja, nilifurahi. Mdogo wako Brightness na Raymond wa Gonja walikuwa wanataka kuoana, na kizuizi kilikuwa kimoja tu: wote ni wa ukoo wa Mnzava, na Mnzava hamwoi Mnzava. Ukatutumia kwa posta vijiti viwili vya kuchukulia mate, kimoja cha baba yako, kingine cha Mzee Rodrick, baba yake Raymond. Niliwaeleza polepole kama watoto wa chekechea kwamba kila mtu asugue shavu lake kwa ndani. Wakaitikia vizuri kabisa.

Majibu uliyotutumia yakasema damu ni moja, hakuna tofauti hata kidogo. Wazee, badala ya kumhurumia binti, wakashangilia kupata ndugu. Mbuzi akachinjwa uani kwenu, na Brightness na Raymond wakalishwa ini moja ili wawe kaka na dada. Raymond alitafuna kama mtu anayekula udongo. Juma lile lile akaenda zake Mererani kutafuta madini.

Jumapili iliyopita, tukitoka kanisani, Mzee Rodrick ananiambia huku anacheka kwamba baba yako aliogopa mate yake kupelekwa ng'ambo kwa watu asiowajua. Basi yeye, kwa wema wake, akavisugua vijiti vyote viwili.

"Dada Rahabu, kwani jina si moja? Mate yatatofautianaje?"

Nilikaa kwenye ngazi za kanisa. Msomi wangu, ulipima shavu moja mara mbili, ukatuletea habari kwamba linafanana na lenyewe.

Nikamwendea baba yako. Hakukana. Nikamwambia basi tupime upya, na hapo ndipo aliponimaliza. Anasema haisaidii tena. Hata maabara ikisema hawa watoto hawahusiani kabisa, ini wameshalila, na waliokula ini moja hawaoani. Yaani huenda hawakuwa ndugu hata kidogo, tukawapa undugu kwa kosa, na sasa undugu huo ndio haung'oki. Anayeelewa anieleweshe.

Nimezunguka kwa wazee wengine mpaka goti likavimba. Wanasema undugu wa ini lililolishwa kwa uongo unaweza kufunguliwa, lakini ombi lazima litolewe na mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba, akiwa amesimama uani mwenyewe. Mimi shangazi, wananisikiliza kama wanavyosikiliza mvua. Barua hawaitaki. Simu ndiyo kabisa.

Mtoto huyo ni wewe, Lugano. Raymond anarudi Krismasi, na baba yake ameshaanza kumtafutia mchumba upande wa Ziwa Jipe. Vijiti ulete, sawa, lakini uvilete kwa mkono wako, na safari hii nitasimama mbele ya kila mdomo. Najua nauli ni ghali na masomo hayajaisha. Hata hivyo usinitumie maelezo mengine ya kitaalamu. Njoo.

Binti yangu Hedwiga anakusalimu, na mtoto wake Agape, ambaye sasa anatembea. Baba yako Eliakimu anakusalimu pia, kwa sauti ya chini.

Brightness hakutuma salamu. Nilipomwambia nakuandikia, akaenda kufua shuka zako. Leo kitanda chako kimetandikwa.

Mungu akulinde na akufungulie njia ya kurudi.

Anayekupenda, hata akiwa amekasirika,
Shangazi yako Rahabu