Ukuta Unaoacha Weupe Mkononi

Bondeni, Nakuru

Kwa baba yangu Mzee Salimu, Takaungu

Shikamoo Baba. Naomba barua hii ikukute umekunywa kahawa yako na magoti yamepunguza kuuma. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila baridi ya asubuhi haina adabu. Dada Zainabu, msomee polepole, wala usiruke pale ninapojiaibisha.

Baba, jibu lako limenikaa moyoni. Nilikuomba uje ukae nasi, nawe ukasema, "Hapa kuta zinanijua. Huko nitakuwa mzigo." Mke wangu Mariamu alinuna siku mbili. Mimi nikabaki kujiuliza: ukuta humjuaje mtu?

Kile chumba chetu cha pili, cha makaa na baiskeli mbovu, nimevitoa vyote. Nimeweka kitanda cha kamba, blanketi mbili na mtungi wa maji. Kisha nikataka kuta ziwe nyeupe. Najua utacheka, kumpakia ukuta mtu asiyeona, lakini wewe fundi chokaa ndiye uliyenilea nikijua kwamba mgeni hupokewa na ukuta safi. Kiprono, ninayepakia naye mizigo stesheni, ana ndugu kwenye machimbo ya upande wa Gilgil, wanakochimba udongo mweupe pe, mwepesi kuliko unga. Akaniletea gunia. Nikauchanganya na maji, nikapaka kuta tatu. Mariamu alisimama mlangoni akanisifu, jambo lisilotokea kila mwaka.

Jumapili nikajifunga kitambaa machoni nikaingia, nione chumba kitakupokeaje. Baba, hatua ya tatu tu paji la uso likakutana na msumari wa koti. Kitanda sikukiona, nikazunguka chumba kizima nikipapasa, na chumba chenyewe ni cha hatua tano. Msumari nimeung'oa. Kando ya kitanda nimetandika mkeka, mguu ujue umefika, na nimefunga kamba kutoka mlangoni hadi chooni.

Nilipofungua kitambaa, mikono, kifua na pua vyote vilikuwa vyeupe. Mariamu alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake nikamuuliza Kiprono, naye akashangaa kabisa.

"Mimi nilijua unataka ya kusugua sufuria," akasema. "Hiyo haishikani na ukuta, bwana."

Nikatia chumvi, wapi. Nikatia uji wa ngano, panya wakaulamba.

Kuna jambo moja sikumwambia hata Mariamu. Siku ile, kabla ya kufungua macho, nilikaa kitandani pako nisijue mlango uko upande gani, nikaogopa, ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Ndipo nilipoelewa ulichokataa. Mimi nilidhani umenikataa mimi. Nisamehe, Baba.

Hivi, unapoamka unajuaje kumekucha? Kwa jogoo, au kwa joto la ukuta? Nauliza kwa sababu huku ukuta huwa baridi hadi saa tatu, na sitaki ulale ukidhani bado usiku.

Udongo ule nimeukwangua wote. Nimenunua chokaa ya kweli dukani, nimeiloweka kwenye pipa uani kama ulivyokuwa ukifanya. Sijui kama imeiva. Wewe ulikuwa unaisugua kidogo kati ya vidole ukajua, na mimi nilikuwa mvivu wa kukuuliza unasikia nini.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi siku hizo mbili sitakupa, mwiko wako wa chokaa uko juu ya mtungi. Zainabu akupandishe gari la moshi, stesheni nitakupokea mwenyewe. Kuta ziko tupu, Baba. Zipake wewe, zikujue.

Nisalimie shangazi anayekupikia, na jirani yetu mwadhini. Mariamu anakuamkia. Anasema chai ataweka tangawizi nyingi.

Mwanao, ambaye bado ana uvimbe wa msumari,
Hamisi