Kila Mara Inabaki Nne

Alhamisi. Mawingu tangu asubuhi, upepo wa ziwa una baridi, na roho yangu nzito. Leo nimemkosea papa, baba yangu, tena mbele ya watu.

Papa alikuwa mwalimu wa hesabu huko Pweto, kabla hatujavuka ziwa kukimbia vita. Hapa kambini anafundisha watoto wa majirani, nyumba sita, uani kwetu, kwa tablo ya mbao aliyoipaka makaa. Ile kalasi ndiyo inayomwamsha.

Miezi hii ananiita kwa jina la marehemu mama. Anauliza kama tumekula, na sahani bado iko mkononi. Basi namchunguza kila neno, na sipendi ninavyomchunguza.

Jana aliwaandikia watoto namba kubwa: 1,000,003. Akasema hii haigawanyiki kwa namba yoyote, ila kwa moja na kwa yenyewe, na wasimwamini, wagawanye wenyewe. Chini akawaanzishia mabaki. Kwa 7, inabaki 4. Kwa 11, 4. Kwa 13, 4. Kwa 37, tena 4.

Nne, nne, nne, nne.

Nikasema imekwisha. Papa hagawanyi tena, mkono unarudia tu. Nililia jikoni peke yangu. Leo mapema nikapita kwa wale mama sita: "Musitume tena batoto. Papa, kichwa kimechoka." Mmoja akanishika mkono. "Pole, dada. Mungu iko."

Kisha nikaenda ufukweni Kashikishi kuanika chisense, samaki wangu wadogo wa kuuza. Jua hakuna, kukauka hawakauki. Nikachukua kijiti, nikagawanya mchangani, nijue tu papa alianza kukosea wapi. Kwa 7, ikabaki 4. Kwa 11, 4. Nikarudia, nikidhani nimekosea mimi. Kwa 13, 4. Kwa 37, 4.

Kumbe! 999,999 inagawanyika kwa zote hizo bila baki. Ongeza nne, unapata namba ya papa. Alizichagua makusudi, watoto wagundue wenyewe kwa nini kila mara inabaki nne. Nilipojaribu 17, ilibaki 12.

Niliona haya. Ni kweli jina langu linampotea. Hesabu haijampotea.

Nimefika nyumbani saa tisa. Alikuwa amekaa mbele ya tablo, shati limefungwa vifungo vyote, chaki mkononi. Amengoja tangu asubuhi.

"Batoto beko wapi?"

Nimemwambia yote, sikuficha hata neno. Ameweka chaki chini. Kisha akauliza, bila hasira, kwa sauti yake ya kalasi:

"Na weye, mbele ya kubaambia, uligawanya?"

Hapana, papa. Sikugawanya kwanza.

Kesho nitapita tena kwa wale mama sita, niseme aliyekosea ni mimi. Leo waliniamini bila kuuliza hata swali moja. Kesho, sijui.