Ruzuku Imefika, Mama Achieng Hayupo

Kamere, Aprili 2008

Dada yangu mpendwa Wambui,

Natumai mvua ya Bondeni haijapenya tena paani kwako. Hapa ziwani inanyesha bila huruma. Ruzuku ya kozi tuliyoipigania imetolewa: wanafunzi wa chuo chetu watakaa na wananchi na kujifunza kwao. Nilikuja kumpasha habari Mama Achieng, muuza samaki aliyekubali kuwa mwenyeji wetu wa kwanza, nikakuta kibanda chake kimefungwa. Alifukuzwa wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, akarudi kwao Kisumu.

Jirani yake alinikaribisha samaki na ugali. "Mama Achieng aliacha neno," akasema. "Wale wa chuo wakikuja, wape chakula kwanza, ndio wanyamaze kidogo."

Nilicheka, kisha nikaliweka tonge chini. Ni mikutano mingapi nimehutubia, nikidai chuo kiwaendee wananchi? Siku wananchi walipotolewa majumbani mwao, sauti yangu ilikuwa wapi? Fedha zimekuja, Dada, mwalimu ameondoka.

Wakumbatie watoto kwa niaba yangu. Na mgeni akibisha hodi, mpe chakula kabla hujamuuliza jina.

Mdogo wako,
Kamau