Mahindi Yaliyokatazwa Mbolea

Mpendwa Shangazi Peres, nisaidie kabla ya Ijumaa, maana sijui tena nani rafiki na nani adui. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, naishi Woodley kwa dada yangu, na pamoja na mwenzangu anayeitwa Kisilu tunamsaidia profesa wa chuo kikuu katika utafiti wa kupanda mahindi pamoja na njahi, yale maharagwe meusi, ili udongo usichoke, na shamba lenyewe tumepewa na mzee Gerishon huko Riruta, nyuma ya nyumba zake za kupangisha. Upande mmoja tumechanganya mahindi na njahi, upande wa pili ni mahindi peke yake yasiyotiwa mbolea hata chembe, ili mwisho wa msimu tulinganishe. Sasa imetangazwa nafasi ya mtafiti, moja tu, na walioitwa usaili Ijumaa ni sisi wawili.

Shangazi, tangu mwezi uliopita yale mahindi ya kulinganishia, ambayo yalikuwa ya manjano kama tulivyotarajia, yameanza kunawiri, na mimi ndiye ninayeyapima, yakiharibika ni vipimo vyangu vimeharibika, basi nikachimbua shinani nikakuta mbolea ya kuku imefukiwa vizuri, nikakumbuka kwamba ufunguo wa lango anao Kisilu, tena siku hizi akifika huanza kwa chai ya Mama Wangui, mke wa mzee Gerishon, pale kando ya banda lake la kuku, wakicheka, hali mimi mama huyo aliniambia neno moja tu, "Na hii pande ya manjano mtatoa lini? Watu wa kanisa wanapita hapa wakiangalia," nikamjibu kuwa ni mambo ya sayansi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nikaenda saiba moja, duka la kompyuta za kulipia, katikati ya jiji, nikachapa barua bila jina kwamba Kisilu anaharibu utafiti ili mwenzake aonekane hajui kazi, nikaisukuma chini ya mlango wa profesa.

Profesa amemnyang'anya ufunguo na kumkataza kukanyaga Riruta mpaka ukweli ujulikane. Ajabu ni kwamba Jumatatu nimekuta mbolea mbichi tena, bila shaka alikuwa amechonga ufunguo wa pili. Na juzi huyo huyo Kisilu amenifuata akaniambia, "Wewe ndio unajua vile mimi hufanya kazi. Niandikie tu kitu kidogo nipelekee Prof." Aliniangalia machoni, Shangazi, na tangu hapo namkwepa. Nashuku amejua, na ananitega nijifunge kwa maneno yangu. Je, nikatae, au nimwandikie ya juu juu tu?

Mwenye Mashaka, Woodley.

Wewe wa Woodley, pole. Nafasi moja kwa watu wawili humtoa mtu jasho, na kwa hilo sikucheki. Lakini ni mtafiti wa aina gani wewe? Ufunguo umechukuliwa, Kisilu hayupo, mbolea bado inatiwa, nawe badala ya kusema nilikosea unamchongea ufunguo wa pili. Hebu niambie, kuku ni wa nani? Na nani anaishi papo hapo, hahitaji ufunguo wowote?

Mama Wangui alikwambia wazi kinachomuuma. Mtu amelima maisha yake yote, leo watu wa kanisa wanapita wakiona mahindi ya manjano nyuma ya nyumba yake, watasema nini? Ameona mmea una njaa akaulisha. Sijafika Riruta na huenda nikawa nimekosea, ila mimi ningemuuliza kabla ya kuandika barua yoyote.

Sasa niruhusu nikushuku wewe pia. Mbolea uliiona mapema. Kwa nini hukumwita Kisilu siku hiyo hiyo mkaiangalia pamoja? Naona ulitaka awe yeye. Methali yako ni ya kweli, ila aliye nguoni ni wewe na anayeliwa ni Kisilu. Kijana amekuja kwako kwa sababu anakuamini, nawe unaona mtego. Huo si ujanja, mwanangu, ni aibu inayokusumbua, na inastahili kukusumbua.

Ukisoma haya usimalize gazeti. Nenda Riruta leo, unywe hiyo chai, umuulize Mama Wangui kwa heshima, wala usithubutu kumgombeza. Muombe radhi kwamba hamkumweleza mambo yakaeleweka. Vipimo vyote vya upande ule tangu mbolea ilipoingia, viandikie kuwa vimeharibika. Kisha ingia kwa profesa kabla ya usaili, umwambie, "Ile barua niliandika mimi, na jina langu ni hili." Ukitoka hapo mtafute Kisilu, umwambie kwa kinywa chako kabla hajasikia kwa mwingine. Atakasirika. Msikilize mpaka amalize.

Nafasi unaweza kuikosa, sikufichi. Lakini wewe ukiikosa hii utaomba nyingine. Kisilu akitoka hapo na jina la mtu aliyeharibu utafiti, hakuna profesa atakayemchukua tena, na hatajua hata siku moja kosa lake lilikuwa nini.